Lebo inasema pamba 100%, pasi yangu imekataa

Fundi wa Ng'ambo
Habari za jioni wadau. Mimi ni fundi cherehani, Ng'ambo hapa Tabora. Nilipata kazi ya mashati 24 ya kwaya, muda mfupi, nikaona nisishone. Nikaagiza yaliyo tayari kutoka duka la jumla Kariakoo, mzigo wa nje, kazi yangu ikawa kudarizi msalaba kifuani tu. Lebo ya shingoni: pamba 100%. Siku ya kukabidhi umeme haupo, nikatia mkaa kwenye pasi kama siku zote. Shati la kwanza likang'ang'ania pasi kama jojo. Tundu, tena pale pale kwenye msalaba!

Nimempigia mwenye duka. "Dada, hata mimi nimeletewa hivyo, kiwanda kiko China, nimuulize nani?" Mwalimu wa kwaya naye anataka pamba, na joto hili la Oktoba simlaumu. Hasara hii ya nani? Na siku nyingine nitajuaje kabla sijalipa?

Mtoto wa Igunga
Pole dada. Mzee wangu analima pamba, lebo hiyo imeniuma zaidi yako. Chomoa uzi kwenye kitambaa chenyewe, upindo wa ndani. Usichukue uzi wa mshono, huo mara nyingi ni poliesta hata kwenye shati la pamba kweli, utalihukumu bure. Shika kwa kibano, washa kiberiti. Pamba huwaka na kunuka kama karatasi, majivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka, hubaki kipunje kigumu.

Mzee Shuka
Moto hausemi yote. Mwaka 2016 Target, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, iligundua kuwa shuka na foronya kama 750,000 walizoletewa na Welspun ya India kwa jina la pamba ya Misri hazikuwa za Misri. Zilitengenezwa tangu Agosti 2014 hadi Julai 2016, miaka miwili hiyo! Pamba kwa pamba, kiberiti kingewasaidia nini? Ila hawakumwambia mteja "nimeletewa hivyo". Walirudisha fedha, wakaachana na mtengenezaji. Wewe mdai mwenye duka, yeye amdai aliyemletea. Risiti unayo?

Fundi wa Ng'ambo
Ipo mzee wangu. Imeandikwa "mashati 24", basi.

Mzee Shuka
Hapo umejifunga mwenyewe, binti. Siku nyingine neno "pamba" liingie kwenye risiti, na mhuri juu yake. Akisita kuandika, rudi na hela zako. Hilo lililoungua usilitupe, na lebo usiikate.

Fundi wa Ng'ambo
Nimechoma nyuzi za mashati 5 sasa hivi. Matatu yameacha kipunje, mawili majivu matupu. Bando moja, lebo moja! Naendelea na 18 yaliyobaki, kiberiti chenyewe kinaniishia.