Wachapishaji wa katuni za zamani mnatufanyia makusudi: mnaanza seti, mnatuuzia nusu, halafu kimyaa

Wakuu heshima kwenu. Nimevumilia sana ila leo nimechoka, acha niandike. Najua wengi humu ni watu wa Marvel na manga na hili halitawagusa, lakini wachache mnaokusanya zile katuni za kuchekesha za Marekani za miaka ya 40 na mwanzoni mwa 50 mtanielewa.

Lalamiko langu ni moja tu. Kampuni inatangaza inarudisha katuni fulani yote toka mwanzo, jalada gumu, karatasi nzuri, mgongoni wameandika kabisa namba 1, na we ukiona namba 1 unajua kuna 2 na 3 mpaka mwisho wake, si ndo maana ya namba? Unanunua. Inakuja ya pili unanunua. Unajinyima, unamtafuta mtu anayesafiri akubebee, ushuru unalipa, halafu siku moja seti inakatwa katikati, hamna tangazo, hamna samahani, hamna hata mstari mmoja wa kusema jamani tumesitisha. Unakaa unasubiri kama mjinga miaka inapita.

Chukua Plastic Man. Kwa asiyemjua, huyu ni kazi ya Jack Cole, alianza kwenye Police Comics namba 1, Agosti 1941. Jambazi anaitwa Eel O'Brian anapigwa risasi kwenye wizi kiwandani, anamwagikiwa asidi, anaamka mwili umekuwa mpira, anahamia upande wa sheria. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni hadithi ya shujaa kama zingine, kumbe ni vichekesho mwanzo mwisho. Kuna picha majambazi wamekaa wanapanga mipango yao na zulia walilokalia ndo yeye, au taa, au kiti, na Cole hakuficha, hicho kiti kinabaki chekundu na kina mstari wa njano na nyeusi wa mkanda wake, yaani we msomaji ushamuona na majambazi hawajamuona. Halafu pembeni ya picha kuna paka anafanya yake, kuna kibango kina maneno, kuna msaidizi wake Woozy Winks na lile shati lake la madoadoa anaiba kitu huku stori kuu inaendelea. Ukurasa mmoja unausoma mara nne. Mi sijaona mchoraji wa zama zile aliyejaza ukurasa namna hiyo, na mtu akinibishia aje na mifano.

Sasa seti ya Plastic Man Archives ya kampuni ya DC ilianza 1998. Vikatoka vitabu 8, kila kimoja dola 50, cha mwisho 2006. Basi. Nane hizo zinakufikisha mwishoni mwa miaka ya 40 wakati gazeti lake lenyewe liliendelea mpaka 1956. Miaka yote hiyo iliyobaki iko wapi? Najua kuna watakaosema mwishoni Cole mwenyewe hakuchora zote, kulikuwa na wasaidizi. Sawa, tuwekeeni tuone wenyewe ipi ya Cole ipi si yake, hiyo kazi ya kulinganisha mkono wa mchoraji ndo raha yenyewe ya kukusanya! Mnatukatia halafu mnatuamulia kwamba zilizobaki hazikuwa nzuri. Mtu alikufa 1958 akiwa na miaka 43, kazi yake nusu iko kwenye kabati nusu hamna.

Na si hiyo peke yake. Sugar and Spike ya Sheldon Mayer, wale watoto wachanga wawili wanaongea lugha yao wakubwa hawaielewi (ilianza 1956 najua, msije kunisahihisha kuhusu zama, Mayer ni mtu wa zama zile zile), 2011 kikatoka kitabu cha kwanza kizuri kweli kweli. Cha kwanza ndo kikawa cha mwisho. Kitabu kimoja wanakiandika Volume 1, sasa hiyo volume 1 ya nini? Our Gang ya Walt Kelly ikafika cha 4 ikakata. Mad ile ya Harvey Kurtzman ikiwa bado katuni kabla haijageuzwa kuwa jarida la kawaida ni matoleo 23 tu, kuanzia 1952 hadi 1955. Ishirini na tatu wakuu! Kitabu cha kwanza cha Archives kikatoka 2002, cha pili 2007. Miaka mitano kati ya kitabu na kitabu, wakati Kurtzman na wenzie Will Elder na Wally Wood na Jack Davis waliichora yote chini ya miaka mitatu. Kuichapa upya kulikuwa kunawashinda nini?

Najua jibu mtakalonipa, soko dogo. Kila mara ni soko dogo. Hebu tuliangalie hilo soko. Kwanza mmeweka dola 50 kwa kitabu cha kurasa mia mbili na kitu, kwa katuni ambazo zilipotoka zilikuwa za senti 10 mtoto anatoa mfukoni mwake. Pili watu washaumwa, mtu aliyekatiwa Plastic Man akiona seti mpya imeanza hanunui, anasema ngoja nione kama watafika mwisho. We ukiona hanunui unasema si unaona soko hakuna, unakata. Na yule aliyekuwa anasubiri anasema si niliwaambia. Hilo soko dogo mmelitengeneza wenyewe kwa kukata kata, halafu mnalitumia kama sababu ya kukata tena.

Na mkishakata nani anafaidika? Walanguzi. Vitabu vya mwisho vya seti mara nyingi vinachapwa vichache kuliko vya mwanzo, kwa hiyo namba 1 unaipata kirahisi na ile ya mwisho unaambiwa bei ambayo huwezi kuitamka mbele ya mke wako. Mtu alinunua nakala tatu akazifungia kwenye nailoni, hajasoma hata ukurasa mmoja, hacheki, hajui Woozy ni nani, anasubiri mimi nikose usingizi nimtumie hela.

Halafu kuna hili kundi jipya la wachapaji matapeli, hawa ndo wamenifanya niandike leo. Sheria ya Marekani ya zamani ilikuwa unapata miaka 28 ya haki, baada ya hapo lazima ujisajili tena, usipojisajili kazi inakuwa ya umma. Quality Comics, kampuni iliyokuwa inatoa Plastic Man, iliacha kuchapa 1956, na magazeti yake mengi hakuna aliyeyasajili upya. Ndo maana wapenzi wenzetu wamekaa wakaskani kopi zao wakaweka bure kwenye tovuti za Digital Comic Museum na Comic Book Plus, na hao mi nawavulia kofia, wamefanya kazi ya kampuni bila kulipwa hata senti. Sasa anakuja mjanja mmoja anachukua zile skani za bure, tena anachukua zile za saizi ndogo, anazituma kwenye mashine ya kuchapa kwa oda, anaweka kava la kung'aa, anaandika "complete collection, restored", yaani zote zimo na zimesafishwa upya. Nimeuziwa hiyo. Restored kitu gani? Kurasa zimebaki na rangi ile ya kahawia ya gazeti lililozeeka, doa la maji linapita kurasa sita mfululizo, pembeni kuna jina la mtoto kaliandika kwa penseli miaka ya 40 huko, maneno kwenye mapovu yamekuwa ukungu huwezi kusoma, na mstari wa chini wa picha umekatwa na mashine kwa hiyo stori inaisha bila kichekesho chake cha mwisho. Katuni ya kuchekesha inakatwa picha ya mwisho! Muuzaji nikamwandikia, akajibu bidhaa iko kama ilivyoelezwa.

Huyo tapeli asingepata nafasi kama wenye haki wangemaliza walichoanza. Sisi tusingekuwa tunahangaika huko vichochoroni.

Kuna na kukata kwa aina nyingine, na hapa kama Mwafrika nina la kusema. Carl Barks, mzee wa bata, mchoraji wa katuni za Donald na Scrooge za Disney, yule ambaye jina lake halikuandikwa miaka yote ile na wasomaji walikuwa wanamwita tu mchoraji mzuri wa bata mpaka walipolijua jina lake karibu na 1960. Mwaka 1949 alitoa stori inaitwa Voodoo Hoodoo. Ina mganga wa Kiafrika Foola Zoola na zombi anaitwa Bombie, na ndio, michoro ile ya watu weusi inauma, sitaki mtu aniambie haiumi. Matoleo mengine ya baadae wakambadilisha Bombie sura. Na 2023 Disney wakaamua stori mbili za Don Rosa, mchoraji wa bata aliyekuja baadae, zilizomtumia huyo huyo Bombie hazitachapwa tena. Wanasema ni kwa heshima. Heshima ya nani? Mmeisoma hiyo stori ya Barks alikotoka Bombie? Ndani yake Scrooge, yule bata tajiri, anakiri kwa mdomo wake kwamba alitaka ardhi ya watu Afrika alime mpira, wakamkatalia, akakodi wahuni wakawafukuza kwenye ardhi yao. Mwaka 1949, kwenye kitabu cha watoto, tajiri anasema hela hii nyingine niliipata kwa kuwapora watu ardhi. Stori zilizotokana na hiyo ndo mnaziondoa kwa ajili yangu? Zichapeni kama zilivyo, wekeni utangulizi mrefu mwanzoni, mpeni Mwafrika auandike, mi nitazisoma na mwanangu na nitamwonyesha midomo ile walivyoichora na nitamwonyesha na ile ardhi. Msituamulie.

Na ili msiseme nachukia kila mtu, kampuni ya Fantagraphics walipoanza seti ya Barks 2011 walianza na namba 7, Lost in the Andes, wengi tukalalamika namba zinaruka ruka, lakini jamaa wameendelea kutoa kitabu baada ya kitabu mpaka kabati linajaa. Pogo, katuni nyingine ya Walt Kelly, hao hao walichelewa sana kuianza lakini walipoanza hawakukimbia. Kwa hiyo inawezekana. Rangi nazo wamezishika vizuri, bapa kama zilivyokuwa, si ule upuuzi wa kupaka kwa kompyuta shavu la bata linang'aa kama limepakwa mafuta.

Ninachotaka si kikubwa. Ukianza seti tuambie mapema ni vitabu vingapi. Ukishindwa sema umeshindwa, tangaza, tujue tuache kusubiri. Toa vilivyobaki hata kwa jalada laini, hata kwa karatasi ya kawaida, tena karatasi ya kawaida ndo inazifaa zaidi hizi rangi. Hutaki kabisa, mpe leseni mwingine anayetaka, usikalie haki kama hutumii.

Mods msiniunganishie huu uzi na ule wa bei za manga, ni mambo mawili tofauti. Na mdau mwenye Plastic Man Archives namba 7 au 8 anayeuza bei ya binadamu, niko Dar, aje PM, kava likichanika sijali ila kurasa zote ziwepo.