MREJESHO: Seti yangu ya ambienti kwenye podikasti

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini seti yangu ya ambienti (muziki tulivu wa kujaza mazingira), saa nzima ya sinthesaiza niliyoipiga laivu, ilisikika kama inatoka ndani ya mtungi baada ya kuipandisha kwenye podikasti.

Aliyesema "angalia mono" alipatia. Mono ni sauti ya njia moja, kushoto na kulia zikijumlishwa. Huduma niliyotumia ilikuwa inageuza kila faili kuwa mono ya kbps 64 (kilobiti 64 za data kwa sekunde). Kwa mazungumzo, sawa. Kwangu ulikuwa msiba: ule upana wa sauti niliujenga kwa kugeuza fezi ya upande mmoja (wimbi lake la sauti linapinduliwa, juu linakuwa chini), na pande mbili zikijumlishwa zinafutana. Dakika ya 23 pedi yote (ile sauti ndefu laini ya sinthesaiza) ilipotea, ukabaki mvumo wa besi tu, kama jenereta la jirani.

Nimehamia kwingine, stirio (njia mbili, kushoto na kulia) ya kbps 192. Saa moja inakula kama MB 86, si haba. Nimezima pia usawazishaji wa sauti wa kiotomatiki. Ulikuwa unavuta juu sehemu tulivu hadi mlio wa kebo unasikika. Sasa naweka LUFS -16 (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia) mwenyewe, kwa wastani wa seti nzima.

Hakimiliki haikunisumbua, kila noti ni yangu. Seti ya pili naipandisha Ijumaa.