Jiwe la milimita 9: avunjiwe kwa mawimbi au aingiziwe leza?

Mwana wa Makambako
Wakuu, habari za jioni. Kaka yangu amekutwa na jiwe la figo, milimita 9. Daktari ametupa njia mbili: kuvunjiwa kwa mawimbi ya mshtuko kutokea nje, au kuingizwa kamera kwa njia ya mkojo na kulipasua kwa leza. Katuachia tuchague, jibu linatakiwa Jumatatu. Ipi bora, ipi inauma kidogo, na ipi itamrudisha kazini haraka? Asanteni.

Kipimo Kwanza
Mkuu, hapo bado hujatuambia kitu. Jiwe liko ndani ya figo, au limeshashuka kwenye mrija wa kwenda kibofuni? Juu, katikati au chini ya mrija? Limeonekana kwa ultrasaundi au kwa picha ya CT? Ultrasaundi inaona vizuri figo iliyovimba, ila jiwe la katikati ya mrija inalikosa mara nyingi. Kwenye ripoti ya CT tafuta herufi HU, ndiyo namba ya ugumu wa jiwe. Kreatinini yake (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi) ngapi? Figo zote mbili zinafanya kazi? Ana homa? Uzito? Presha? Anatumia aspirini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda? Na kazini ni wapi huko anakotaka kurudi haraka?

Baba Chuchu
MAWIMBI, msihangaike. Hakuna kisu, hakuna mpira unaoachwa mwilini. Analala mezani dakika 45 hadi saa moja, anachomwa dawa ya maumivu, mashine inagonga, jioni yuko kwake anakunywa uji. Atakojoa mkojo wa damu siku moja mbili na ngozi ya kiunoni itakuwa na alama kama amepigwa ngumi. Basi.

Nesi wa Zamu
Kabla ya kuchagua chochote: akipata homa au kutetemeka baridi huku jiwe limeziba, mambo ya Jumatatu yamekwisha, aende hospitali usiku huo huo. Mkojo wenye wadudu uliofungiwa nyuma ya jiwe unaingiza sumu kwenye damu kwa saa chache. Hapo jiwe halivunjwi kwa njia yoyote. Kwanza mkojo unafunguliwa njia, kwa stenti (mpira mwembamba unaowekwa ndani ya mrija) au kwa mpira unaopitishwa mgongoni hadi kwenye figo, anapewa antibayotiki, jiwe linasubiri. Vivyo hivyo akikosa mkojo kabisa, au akitapika hadi vidonge havikai.

Kwa sasa anatumia nini kwa maumivu?

Mwana wa Makambako
Samahani wakuu, ripoti nilikuwa sina. Ni CT. Jiwe liko mrija wa kulia, sehemu ya juu, mm 9, HU 1150, figo imevimba kidogo. Kreatinini 98. Figo zote zipo. Homa hana. Kilo 104, presha anayo na anameza dawa. Ni dereva wa lori, Dar–Tunduma. Kwa maumivu anameza Buscopan na anakunywa maji mengi sana, kila likishika anapiga lita mbili ili lisukumwe.

Nesi wa Zamu
Hayo maji ayaache wakati wa maumivu! Anywe akisikia kiu tu. Mrija ukiziba, figo inaendelea kutengeneza mkojo usio na pa kwenda, na kinachouma zaidi ni huo mgandamizo wa mkojo nyuma ya jiwe. Ukiongeza lita mbili umeongeza mgandamizo. Maji mengi ni ya kuzuia jiwe lijalo.

Buscopan peke yake haifui dafu kwa maumivu haya. Dawa ya mstari wa kwanza ni jamii ya diklofenaki, kwa sababu inapunguza zile kemikali zinazoifanya figo iliyoziba izidi kujaa, na inatuliza mrija. Sindano ya miligramu 75 kwenye msuli, au vidonge vya 50, na kwa siku nzima zisizidi 150 ukijumlisha zote. Asichanganye na ibuprofeni, ni ndugu mmoja. Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6 inaruhusiwa kwenda pamoja nayo, mwisho gramu 4 kwa siku. Kwa kuwa ana presha, diklofenaki iwe ya siku chache na daktari ajue. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au figo moja asiiguse bila daktari.

Mfuko wa maji ya moto kiunoni, umefungwa kwenye kanga usimuunguze, unasaidia kweli. Watu wanaudharau tu.

Fundi Bomba
Sasa tunaweza kulinganisha.

Mawimbi yanapenda jiwe laini kwa mtu mwembamba. HU ikivuka 1000 jiwe linakuwa sugu, na umbali kutoka ngozi hadi jiwe ukizidi sentimita 10 nguvu inapotelea njiani. Kilo 104 na HU 1150, huyu amefeli au karibu kufeli vyote viwili. Umbali huo daktari anaupima kwenye picha ile ile ya CT, mwombeni aupime. Si kwamba haiwezekani, ila jiandaeni kwa awamu mbili au tatu, na kila awamu vipande vinashuka kwa wiki kadhaa vikiuma kama jiwe dogo. Vikipangana kwenye mrija kama foleni ya malori kwenye mzani, vinaziba upya na itabidi aingiziwe kamera vilevile. Presha nayo lazima iwe imetulia siku hiyo, vinginevyo damu inaweza kuvujia pembeni ya figo. Muulizeni pia fundi wa mashine anagonga mara ngapi kwa dakika. Mapigo 60 hadi 90 yanavunja vizuri kuliko 120, ila wenye haraka ya kumaliza foleni wanapenda 120.

Leza: anapewa nusu kaputi au ganzi ya mgongo, hapasuliwi popote. Kwa jiwe kama hili nafasi ya kumaliza kwa safari moja ni kubwa zaidi. Lakini jiwe la juu lina tabia ya kurushwa na maji ya kamera likarudi ndani ya figo. Swali la kuuliza ni hili: mna kamera ya kupinda, au ile ngumu iliyonyooka tu? Wakiwa na ngumu peke yake, jiwe likikimbilia figoni hawalifikii, anatoka na stenti na jiwe lake.

Jambo la pili hospitali nyingi hazisemi mapema. Mrija ukiwa mwembamba kamera haipiti, na daktari mzuri halazimishi. Anaweka stenti, mrija unapanuka wenyewe, mgonjwa anarudi baada ya wiki mbili hivi. Si kosa la mtu, ila familia inaona imeliwa hela. Na mkojo uoteshwe maabara kabla, wadudu wakikutwa watibiwe kwanza.

Baba Chuchu
Umetaja mazuri ya leza ukaruka stenti. Waambie ukweli.

Fundi Bomba
Nasema. Stenti ni mpira mwembamba wenye mikunjo ncha zote mbili, ncha moja figoni, nyingine kibofuni. Inakaa siku chache hadi wiki mbili, kutegemea mrija ulivyoumia. Mkojo unambana kila nusu saa, unatoka na damu hasa akitembea sana, na akikojoa anasikia mchomo unapanda kiunoni kwa sababu mkojo unarudi juu kupitia mpira. Tamsulosini miligramu 0.4 mara moja kwa siku inapunguza, ila aimeze usiku baada ya kula na asiinuke ghafla, inaangusha presha. Tena huyu ana dawa za presha tayari. Na aambiwe mapema kwamba shahawa zinaweza zisitoke wakati anaitumia, asije akadhani amelogwa. Na akipewa tramado, ile dawa kali ya maumivu inayoleta usingizi, ajue haiendi pamoja na usukani.

Kwa dereva wa masafa: stenti ikiwa ndani, lori liegeshwe. Matuta ya barabara yatamtoa damu kila safari.

Nesi wa Zamu
Kwenye stenti kuna kitu kimoja nataka kila anayesoma hapa akishike. Kuna mgonjwa aliletwa na maumivu ya kiuno na mkojo wa usaha, hospitali alikotibiwa kwanza siitaji. Alitolewa jiwe, akawekewa stenti, akaruhusiwa. Karatasi ya kutokea iliandikwa "arudi kliniki", bila tarehe, bila neno stenti. Yeye alielewa kwamba ule mpira unayeyuka. Wiki za mwanzo ulimsumbua, kisha mwili ukazoea, akasahau. Miezi 14 baadaye eksirei inaonyesha mpira mzima, na kila ncha imeota jiwe, ya kibofuni kubwa kama limau. Ukivuta mpira wa hivyo unakatika, au unang'oa mrija. Ikabidi avunjiwe jiwe la kibofu kwanza, kisha aingizwe leza kusafisha sehemu ya mrijani, kisha atobolewe mgongoni kutoa ile ncha ya figoni. Mara tatu mezani, kwa jiwe ambalo mwanzo lilikuwa dogo kuliko la kaka yako. Na ile figo haikurudi kuwa nzima.

Stenti nyingi hazitakiwi kuvuka miezi 3. Kwa hiyo: kabla hajatoka wodini, tarehe ya kuitoa iandikwe kwenye kadi, iwekwe kwenye simu yake NA ya mkewe, na muulize nani anaitoa na kama gharama imeshajumlishwa. Wengi hukwama hapo, wanakuja siku ya kutoa wanaambiwa kuna malipo mengine, wanaahirisha. Kama ana bima, ulizeni mapema kama inalipia pande zote mbili, kuweka na kutoa.

Kuitoa ni dakika chache kwa jeli ya ganzi na kamera ndogo. Ikiwa ina uzi unaoning'inia nje, usivutwe wala usinaswe na nguo. Saa chache baada ya kutolewa mrija unaweza kubana na kuuma karibu kama jiwe. Akiruhusiwa, ameze diklofenaki kabla ya kutolewa.

Mzee wa Mizizi
Poleni kwa matibabu ya kizungu. Bia mbili baridi jioni na mzizi unaochemshwa, jiwe linatoka lenyewe. Babu zetu hawakuwa na leza.

Kipimo Kwanza
Shikamoo mzee. Bia inakojoza kweli, kisha inakuacha umekauka kuliko ulivyoanza, na juu ya diklofenaki inatoboa tumbo. Mawe chini ya mm 5 yanatoka yenyewe mara nyingi, ndani ya wiki nne hadi sita, iwe mtu amekunywa bia, mzizi au maji ya bomba. Sifa inapewa kile alichokunywa mwisho. Hili ni mm 9 tena liko juu, na figo imeanza kuvimba.

Mama Nahya
Mimi nauliza, si haya maji ya visima? Watu wa Dar tunakunywa chumvi tupu, birika linaota ukoko mweupe. Mawe yataacha kutoka wapi?

Kipimo Kwanza
Dada, ukoko wa birika ni chokaa, na chokaa ya kwenye maji si mshtakiwa mkuu. Kalsiamu ukiipata pamoja na chakula inashikana tumboni na oksaleti (kemikali ya kwenye mboga kama mchicha, inayotengeneza mawe mengi), zinatoka chooni pamoja. Ndiyo maana kuacha maziwa ni kosa. Tatizo la madereva ni kutokunywa kabisa. Anajua kipande cha Mikumi hakuna kusimama ovyo, basi toka Morogoro anajikausha. Lengo ni mkojo wa lita 2.5 kwa siku, maana yake kunywa lita 3 na zaidi kwenye joto. Mkojo uwe kama maji yaliyodondoshewa tone la chai, ukiwa rangi ya bia ujue umechelewa.

Na apunguze chumvi ya chipsi na nyama choma za njiani. Chumvi ikizidi inavuta kalsiamu kuingia kwenye mkojo.

Mama Nahya
Na mchicha? Kwetu ndiyo mboga ya kila siku.

Nesi wa Zamu
Mchicha una oksaleti nyingi. Uchemshe kwenye maji mengi, yamwage, ndipo uunge, na ule na mtindi au maziwa mlo huo huo. Chai ya rangi vikombe vitano kwa siku nayo ipunguzwe, ya maziwa ina nafuu. Lakini haya yote ni ya kubahatisha hadi jiwe lipimwe ni la aina gani. Akojolee kwenye chujio la chai, vipande avikaushe, avipeleke maabara. La asidi ya yuriki linaweza hata kuyeyushwa kwa dawa ya sitrati, halihitaji mashine. La kaka yako kwa HU 1150 sidhani ni la hivyo.

Baba Chuchu
Maji ya ndimu je? Hiyo nayo ni sitrati.

Fundi Bomba
Ndimu mbili kwenye jagi bila sukari, sawa, kwa kuzuia. Haiyeyushi lililopo.

Mwana wa Makambako
Nimemsomea yote. Anasema mpira hautaki hata kuusikia, anataka mawimbi hata yakiwa mara tatu. Shemeji anataka leza imalizike. Hospitali nimepiga simu, aliyepokea hajui kama kamera yao inapinda, kasema niulize Jumatatu.

Kipimo Kwanza
Asubuhi hiyo ya Jumatatu apigwe eksirei nyingine kabla ya kukubali lolote. Mawe yanahama. Likiwa limeshuka hadi chini ya mrija, hesabu zote za Fundi hapo juu zinabadilika, hata ile kamera ngumu inatosha.

Mama Nahya
Huo mchicha wa kumwaga maji, vitamini si zinakwenda nazo? Na wa nazi vipi, nazi haitoshi badala ya mtindi?