Nimeitwa kazi ya lori la friji, Nairobi hadi Eldoret. Nichukue ama nibaki na kanta?

kanta_ya_viazi
Wadau habari zenu. Nimeendesha kanta, ile lori ndogo, miaka sita nikibeba viazi na kabeji kutoka Kinangop mpaka Marikiti, kazi nimeizoea lakini mnajua vile iko, leo unalala kwa matope Njabini, kesho mzigo hakuna na bosi hashiki simu. Sasa kuna kampuni flani Industrial Area wameniita, wanasambaza vitu za supamaketi, maziwa, yogati, kuku wa friza, siku ingine matunda. Lori ni la tani kumi, ruti ni Naivasha, Nakuru, Eldoret, mshahara wa mwezi na maileji juu yake. Mama watoto ananiuliza nangoja nini. Lakini nasikia watu wakisema hizo gari za friji ni kesi, maziwa ikiharibika unakatwa mpaka ukome. Mimi hiyo mashine ya baridi sijawahi hata kuigusa. Wale mmefanya hii kazi, ni ukweli? Na kwa intavyu niulize nini kabla nisaini kitu?

mzee_wa_salgaa
Karibu kwa baridi bro. Niko na miaka tisa kwa friji. Kwanza angalia leseni, C1 ni ya lori ndogo, hiyo yako itataka C. Barabara yenyewe haitakusumbua, gavana ya spidi iko 80, mteremko wa Salgaa unashuka na gia ya chini kama unapenda watoto wako, hayo yote unayajua. Kitu itakutoa jasho ni mlango wa nyuma na karatasi.

Elewa hivi, hiyo mashine hapo juu ya kebini haikuwekwa ipoeshe mzigo, kazi yake ni kushikilia baridi ile mzigo ilikuja nayo. Wakikupakilia maziwa imekaa nje kwa jua ikiwa digrii 11, utafika nayo bado ina joto na skrini inakuonyesha 3, juu skrini inasoma hewa, haisomi maziwa. Mimi nilipatikana hivyo mwaka wa kwanza. Nimefika Eldoret asubuhi na kreti 140 za yogati, skrini inasema 4, nimetulia nakunywa chai. Jamaa wa risivingi, mwenye kupokea mzigo, akaja na themomita yake, akatoa kreti ya chini kabisa, akaidunga katikati ya pakiti mbili zimebanana, akangoja. 12. Hakupiga kelele hata kidogo, akaandika kwa deliverinoti "imekataliwa" akanipatia kalamu nisaini. Nikarudi Nairobi na hiyo yogati yote, zaidi ya kilomita 300 nikijiuliza nitaanzia wapi kueleza, na ofisi walinikata kidogo kidogo miezi minne.

Tangu siku hiyo themomita yangu iko kwa mfuko wa shati. Napima mzigo kabla haijaingia kwa gari, maziwa ikipita 4 naandika kwa karatasi na mwenye kupakia anasaini, akikataa gari haitoki. Walininunia wiki mbili wakazoea. Kwa hivyo swali yako ya intavyu ni moja tu, mzigo ikikataliwa nani analipa, na imeandikwa wapi. Wakikujibu "hiyo tutaona" kaa na viazi zako.

risivingi_nakuru
😂😂 Mimi ndio yule mtu wa themomita, lakini si huyo wa Eldoret. Niko kwa mlango wa kupokea bidhaa huku Nakuru na dereva wananiona kama karao. Niseme upande wangu. Kuku wa friza anafaa kuja akiwa 18 chini ya sifuri, lakini hata kabla nipime nageuza tu pakiti. Kama kuna barafu ya rangi ya damu imeshikana hapo chini, huyo kuku aliyeyuka njiani akagandishwa tena, na hakuna hadithi utanipigia nimchukue.

Kitu ingine, uliza kama friji inazungushwa na injini ya gari ama iko na injini yake. Kuna dereva hufika saa moja, anapata foleni ya lori tatu mbele, anazima gari alale kidogo. Friji ya kuzungushwa na injini ya gari ikizimwa gari nayo imeenda. Mwingine anafungua milango yote mbili ati ajiandae, na zamu yake bado saa nzima. Mpaka nimwite, maziwa inatoa jasho.

nilikuwa_tanboi
Wacha mimi niseme ile hawasemi. Friji ya injini yake iko na tangi yake ya dizeli, na hiyo dizeli ndio huuzwa. Dereva mwenye nilikuwa tanboi wake, msaidizi wa gari, alikuwa anazima friji tukipita Limuru, ati huku kwetu ni baridi mungu amewasha yake, alafu anaiwasha tena tukikaribia mji. Hewa inapoa haraka, skrini inasoma poa, lakini ndani ya kreti ni kitu ingine. Siku hizi kuna kidude kinarekodi joto safari yote dakika kwa dakika, walimtolea karatasi ya mwezi mzima akakosa la kusema. Tulifutwa wawili na mimi sikuwa nimekula hata mia. Chagua tanboi wako vizuri, na yeye akuchague.

mzee_wa_salgaa
@nilikuwa_tanboi hao wako wengi sana, na ndio wametuharibia jina.

Na nilisahau mizani ya Gilgil. Huko hawaangalii uzito wote peke yake, wanapima kila ekseli. Lori ya ekseli mbili ni tani 18 kwa jumla, lakini ya nyuma haifai kupita 10. Sasa wapakiaji hupanga kufuatana na nani anashusha kwanza, maziwa ya Nakuru yote inarundikwa mlangoni, jumla yako iko sawa na ekseli ya nyuma imepita. Simama hapo wakipakia. Na usikubali wajaze mpaka dari, hewa ikikosa pa kupita nyuma kunabaki moto na mbele kunaganda.

Kulala pia utazoea. Ile injini ya friji inanguruma usiku kucha hapo juu ya kichwa chako, na kwa petroli stesheni wenzako watakutusi ukipaki karibu nao.

kanta_ya_viazi
Aisee asanteni, nilidhani ni kushika usukani tu. Swali la mwisho, walisema siku ingine ndizi na nyanya zinaingia pamoja na maziwa safari moja. Hiyo inawezekana?

mzee_wa_salgaa
Inawezekana kama boksi iko na ukuta katikati na kila upande una baridi yake. Kama ni chumba kimoja kataa. Ndizi ikishuka chini ya digrii 13 ngozi inageuka nyeusi na hata ukiitoa haiivi vizuri tena, maziwa nayo inataka 4. Mmoja wao lazima akufe.

kanta_ya_viazi
Sawa, intavyu ni Alhamisi. Nimepita River Road leo kuulizia themomita, jamaa ananiuzia ile ya bunduki ya kulenga, ati ndio ya kisasa.

risivingi_nakuru
Wachana nayo, hiyo inasoma ngozi ya pakiti tu. Itisha ya sindano. Na ukija Nakuru usinifungulie milango yote mbili.