Kupima umbali kwa waifai: mbona kosa linazidi tu, halipungui?

SWALI
Wakuu, habari za kazi. Nimefunga vituo vinne vya waifai vinavyopima umbali kwa muda wa mawimbi (ile 802.11mc, Android wanayo tangu toleo la 9) ili nijue toroli liko wapi ndani ya ghala. Sehemu iliyo wazi, kosa ni mita moja, moja na nusu. Likipita nyuma ya rafu za chuma, umbali unaongezeka mita nne au tano. Unaongezeka tu, haujapungua hata mara moja. Nimechukua wastani wa vipimo 50, hakuna nafuu. Je, saa za vituo zimepishana?

JIBU
Mkuu, saa usizilaumu. Kituo kinatuma, simu iliyo kwenye toroli inajibu, na muda ambao simu ilikaa kabla ya kujibu unatolewa. Kinachobaki unagawa kwa mbili. Saa zao hazihitaji kulingana.

Nanosekunde moja ni sentimita 30, kwa hiyo mita zako nne ni nanosekunde 13 hivi, na hizo zinatoka kwenye chuma. Njia iliyonyooka imezibwa, unapokea mwangwi uliozungukia ukutani. Wimbi linaweza kuchelewa, lakini haliwezi kufika kabla ya wakati wake. Ndiyo maana wastani haukusaidii: vyote 50 vimechelewa. Chukua vile vifupi kabisa.

JIBU
Naongezea: chaneli yako ina upana gani? Kwa megahezi 20, mawimbi yaliyopishana chini ya nanosekunde 50 ni vigumu kuyatenganisha, na hiyo ni mita 15 za njia! Kwa 80, inashuka hadi karibu mita nne. Mimi nilihamia UWB (redio ya chaneli pana sana), yenye megahezi 500, nikapata sentimita 20 au 30 pakiwa wazi. Ila chuma ni chuma tu. Ilibidi nipandishe vituo juu ya rafu.

MUULIZAJI
Ilikuwa 20 kweli! Nimeweka 80, nimevipandisha, nachukua vifupi. Nafuu ni kubwa mno, asanteni sana. Kimebaki kituo cha pembeni, bado kinazidisha.

JIBU
Kikizidisha, kiache nje ya hesabu kwa muda huo. Vitatu vinatosha sakafuni, mradi visiwe kwenye mstari mmoja. Vikiwa mstarini utapata sehemu mbili, moja kila upande wa mstari, na hesabu haitakuambia toroli liko upande upi.