Rezervuari (tangi la mafuta) ya pikipiki TVS, rangi inainuka: nikwangue mpaka chuma?

Motari_Ndosho
Wakubwa, mujambo. Nina rezervuari ya TVS HLX 125, nyekundu. Ilishapigwa rangi nyingine juu ya ile ya kiwanda, na sasa inabanduka kama magamba, pembeni ya bushoni (kifuniko) na chini kwenye mshono. Iko na bonde dogo (bati limebonyea) upande wa goti la kushoto. Nikimulika ndani naona kutu chini kabisa. Fundi mmoja anasema tuchome rangi kwa shalimo (bomba la moto wa gesi), mwingine anataka brashi ya waya kwenye mashine. Kompresere na bunduki ya rangi nitakodi. Je, nitoe rangi yote au nisage juu tu? Na kutu ya ndani, nianze nayo au nimalize nayo?

Toliye_Birere
Shalimo hapana, ndugu. Rezervuari tupu ni hatari kuliko iliyojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke wa esansi (petroli) uliochanganyika na hewa, na mvuke huo unajificha kwenye kutu na kwenye mshono hata siku nyingi baada ya kumwaga mafuta. Hata kama hailipuki, bati ni jembamba. Likipata moto wa sehemu moja linajikunja, na hapo bonde moja limekuwa matatu. Brashi ya waya kwenye mashine nayo inatoa cheche, halafu inayeyusha rangi na kuipaka upya juu ya chuma. Unaona kinang'aa, unadhani ni kisafi.

Kuhusu kutoa yote: lowesha kitambaa cheupe kwa diliyani (dawa ya kuyeyushia rangi), kibandike juu ya rangi dakika 1 au 2, kisha sugua. Rangi ikitoka kwenye kitambaa au ikijikunja, hiyo haikuchanganywa na diresiseri (dawa ya kukaza). Ukiipulizia juu rangi yenye diresiseri, itapanda yote kama ngozi iliyoungua. Rangi isipoguswa na diliyani, na ikiwa imeshika vizuri, msasa namba 400 unatosha. Yako inabanduka kwenyewe, kwa hiyo toa mpaka chuma.

Anza na kutu ya ndani, na rangi ya zamani iiache kwanza. Asidi ya kutolea kutu lazima itachuruzika nje ya shingo. Afadhali ichuruzike juu ya rangi utakayoitupa.

Fungua robine (koki ya mafuta), kipimo cha mafuta, bushoni na kaushu (mipira ya kuzibia) zote. Osha ndani kwa maji ya moto na sabuni ya unga, mara 2 au 3, mpaka harufu ya esansi iishe. Fanyia uwanjani, mbali na mbabula ya makaa.

Ndani ikishakuwa tayari, ziba matundu yote. Paka dekapani (dawa ya kubandua rangi) nene kwa brashi ya zamani, ukienda upande mmoja bila kurudi-rudi, maana ukirudi unavunja ngozi ya juu na dawa inakauka kabla ya kufanya kazi. Funika na nailoni dakika 15 hadi 20. Kwangua na kipande cha bidoni (jerikeni ya plastiki) ya njano kilichokatwa kwa pembe kali. Hakichubui chuma kama kisu. Rangi ya kiwanda mara nyingi inadai mkono wa pili. Vaa glovu nene za mpira, zile nyembamba za hospitali zinayeyuka, na usivute hewa ya dawa hiyo ndani ya nyumba.

Halafu maji mengi, diliyani, na msasa kwa mkono: 80, kisha 120, kisha 180. Chuma kikishakuwa wazi usikishike kwa mkono mtupu. Apre (rangi ya msingi, chini ya rangi yenyewe) ipigwe siku hiyo hiyo. Kwa unyevu wa hapa Goma, na mvua yenye asidi ya moshi wa volkano ya Nyiragongo, chuma kilicholala wazi usiku kinaamka kimejaa kutu ya manjano.

Kadutu_Pentre
Nakubali karibu yote, ila naongeza jambo ambalo wengi wanalisahau: mshono wa chini. Dekapani inaingia katikati ya bati mbili na haitoki na maji. Wiki chache baada ya kazi kwisha inateremka polepole na kuinua rangi mpya, mstari mzima. Ukifika sentimita 1 kabla ya mshono, simama. Hapo malizia na msasa na brashi ya waya ya mkono. Kama dawa imeshaingia, mimina maji ya moto, puliza kwa kompresere ukifuata mshono, na urudie mpaka hewa itoke kavu.

Masitiki (ya kujazia bonde): iwekwe juu ya chuma kilichosagwa na 80, au juu ya apre ya epoksi iliyokauka na kusagwa. Isiwekwe kamwe juu ya apre ya asidi, haishiki. Diresiseri iwe kama asilimia 2, yaani gramu 2 kwa gramu 100. Asubuhi ya baridi watu wanaongeza ili ikauke haraka, na ile ya ziada inapanda baadaye kwenye rangi kama doa, inayoonekana hasa juu ya nyeupe na rangi za fedha. Unene usipite milimita 2 au 3. Na usiisage na maji: masitiki inakunywa, kisha maji yanatafuta njia ya kutoka chini ya rangi yako.

Motari_Ndosho
Aksanti sana bakubwa. Kwa kutu ya ndani, hapa wanatumia maji ya batri. Wengine Coca. Inafaa?

Toliye_Birere
Maji ya batri yanakula kutu na chuma pamoja, na pale chini ndipo bati limeshachoka tayari. Coca ni kupoteza pesa: asidi yake ni kidogo na sukari inabaki ndani.

Tia mnyororo mfupi wa chuma, tikisa vizuri kila upande, kisha uvute wote nje. Kokoto na boloti usitie, daima moja inabaki. Jaza maji ya moto mpaka shingoni, na unga wa asidi ya limau gramu 60 hadi 100 kwa kila lita. Usizibe kabisa, inatoa gesi. Angalia baada ya masaa 6. Isipite masaa 24. Mwaga, osha, kisha maji yenye vijiko 2 vya bikaboneti kwa lita, osha tena.

Hapo ndipo kazi inaharibika: chuma kilichotoka kwenye asidi kinashika kutu mbele ya macho yako. Tia nusu lita ya alkoli, zungusha ichukue maji, mwaga, puliza hewa ya kompresere tu. Mashine ya kukausha nywele usiilete karibu. Mwisho mafuta kidogo ya moteri, yazunguke ndani yote.

Kabla ya mafuta hayo, ingia chumba cha giza na uweke tochi ndogo ndani. Ukiona nukta ya mwanga chini, ni tundu. Masitiki haizuii esansi, inalainika. Peleka kwa fundi wa kulehemu kwa bati ya kuyeyusha, na ajaze maji mpaka karibu na tundu kabla ya moto.

Kadutu_Pentre
Hayo mafuta ya moteri yasifike nje hata tone, la sivyo rangi itafungua vijicho (vishimo vidogo). Panguza na vitambaa viwili: kimoja chenye dawa ya kutoa mafuta, kingine kikavu nyuma yake. Apre mikono 2, saga na maji namba 400 mpaka 600, ondoa vumbi la lava kwa kitambaa cha kunata. Piga rangi kati ya saa nne na saa nane mchana. Jioni unyevu ukipanda, rangi inapauka nyeupe kama ukungu. Verni (ile ya kung'arisha, inayopigwa mwisho) iwe ya diresiseri. Ile ya kopo la kupuliza inayeyuka siku ya kwanza esansi ikimwagika kwenye shingo. Usitie mafuta kabla ya siku 7, na kaushu ya bushoni nunua mpya.