Linksi arudishwe Scotland au tuachane naye?

#1 Mleta mada
Wakuu habari za jioni. Kwa wasiomjua, linksi ni paka wa msituni, sura kama simbamangu hivi, masikio yana vishungi vyeusi na kimkia kama kimekatwa. Scotland alikuwepo akaisha karne nyingi zilizopita, misitu ilifyekwa na yeye akawindwa. Sasa watu wa mazingira wanataka arudi, wafugaji hawataki hata kusikia. Januari 2025 kuna mtu hakusubiri kibali, akaachia wanne porini karibu na mji mdogo wa Kingussie na baridi ile, wakakamatwa ndani ya siku chache, mmoja akafa.

Mimi naishi huku Highland, milimani kaskazini mwa Scotland, mwaka wa saba na sitaki arudi, na wala si kwa sababu ya kondoo. Wanaomtaka wanasema kulungu wamezidi, wanakula miche, msitu hauoti. Hilo kweli kabisa, panda mlima utakuta mche wa msonobari umejificha kwenye vichaka, urefu kama kidole, unadhani umeota juzi kumbe una miaka kibao, kila ukichomoza unatafunwa kichwa. Ila mtafunaji mkubwa ni kulungu mwekundu, dume lake linapita kilo 100, linksi mwenyewe kilo 20 na kitu. Yeye riziki yake hasa ni yule kulungu mdogo wa vichakani. Sasa atapunguza nini? Nendeni bonde la Glen Feshie, jirani tu na Kingussie, toka 2004 walipiga kulungu kwa bunduki mpaka wakabaki wachache, leo misonobari inajiotea bila uzio na linksi hayupo hata mmoja.

#2
Bunduki mpaka lini mkuu? Kila mwaka ulipe watu wakaparamie milima na mvua ile, linksi hadai mshahara. Na huyo kulungu mdogo naye anakula miche, usimtetee. Tai wa mkia mweupe mnamkumbuka? Wa mwisho alipigwa Shetland 1918, 1975 wakaanza kuleta wengine toka Norway wakawaachia kisiwa cha Rum, wafugaji wamelalamika weee kwamba anabeba watoto wa kondoo, leo watu wanakata tiketi ya boti kisiwa cha Mull kwenda kumpiga picha.

#3
Wewe wa picha utaona raha lazima. Mimi nimefanya kibarua pwani ya magharibi kwa mzee mmoja krofta, yaani mkulima mwenye kipande kidogo na kondoo wake wachache. Mwezi wa 4 kondoo wanazalia nje kwenye mvua, asubuhi tunahesabu, tunakuta mama anazunguka analia, chuchu zimejaa, mtoto hayupo. Mzee hata hakutukana, alitoa kidaftari mfukoni kimelowa akafuta mmoja. Utathibitishaje ni tai na mzoga huna? Sasa muongezee na paka wa kuvizia kwenye miti.

#4
Jamani msimfanye kondoo mtakatifu. Bonde la Strathnaver, huko huko Highland, 1814 watu walitolewa na wenye ardhi, nyumba zikachomwa moto, ardhi ikapewa kondoo, na sio huko tu, wengi wakaishia Canada. Leo kondoo huyo huyo ndio mnaniambia urithi wa Highland?

#5 Mleta mada
#4 umenishika, ila malizia stori. Wengine waliotolewa walisukumwa ufukweni kwenye vipande vya mawe mawe, ndio hao makrofta, mpaka 1886 ndio ikapita sheria ya kuwalinda wasifukuzwe ovyo. Babu kahamishwa kwa ajili ya kondoo, mjukuu anaambiwa avumilie kwa ajili ya paka, na mara zote mbili wazo limetoka kwa watu wasiolala pale. #2 kwa kulungu mdogo nakubali, nilimpitia juu juu. #3 nikuulize ndugu yangu, yule mzee akilipwa kila kondoo anayepotea bila kudaiwa mzoga, angekubali?

#6 (ni mimi wa #3)
Nilimuuliza hilo tukiwa tunakunywa chai kwenye banda. Akasema hela itanunua kondoo ila haitanunua wanaoujua ule mlima. Huko juu hamna uzio, mama ndio anamfundisha mtoto mwisho wa malisho yao uko wapi, na mtoto akikua anamfundisha wake. Ukimleta wa mnadani leo, kesho asubuhi unampigia simu jirani wa bonde la pili umuulize kama kamuona.